Asante, Lakini Mwanga Unaniumiza

Je, mtu aliyerudishiwa macho ana haki ya kulalamika kwamba mwanga unamuumiza? Ukiuliza swali hili kwenye foleni ya maji, wengi watakujibu bila kufikiri: hana. Juzi alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni, leo anaona mpaka nzi aliyeingia kwenye kikombe, sasa analalamika nini? Amshukuru Mungu, awashukuru madaktari, anyamaze. Nawajua pia watu wa mashirika ambao hawawezi kusema hivyo kwa mdomo, lakini nyuso zao zinasema. Mimi jibu hilo nalikataa, ila nataka kulikataa polepole, maana ndani yake kuna kipande cha kweli.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, kama wazee wetu wengi wanavyodhani. Ni lenzi ya jicho lenyewe, ile iliyo ndani, nyuma ya mboni. Zamani ilikuwa safi kama maji ya chupa; sasa imeingia ukungu, ikawa ya njano, ikawa ya kahawia, na kwa wengine mwishowe nyeupe kama maziwa. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na hakuna matone wala mizizi ya kuiyeyusha. Dawa yake ni upasuaji: daktari anatoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya plastiki mahali pake. Wazo la plastiki lilitoka vitani. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita Kuu ya Pili, vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Novemba 1949 akamfanyia upasuaji mgonjwa wa kwanza wa lenzi ya namna hiyo. Kwa miaka mingi zilibaki kitu cha wenye hela. Kisha Fred Hollows, daktari wa Australia, alifika Eritrea mwaka 1987 wakati wapiganaji bado wanatibiana katika hospitali zilizofichwa mabondeni, akashikilia kwamba Waeritrea watengeneze lenzi zao wenyewe. Alifariki mwaka 1993, na kiwanda cha Asmara kikafunguliwa 1994. Kwa hiyo ukimwona mtu ameshinda kwenye foleni ya macho akisubiri kilenzi kidogo kuliko kifungo cha shati, ujue kile kilenzi kimepitia vita viwili.

Sasa huo mwanga. Mtu amekaa miaka sita nyuma ya pazia, na pazia limetolewa kwa muda ambao wewe ungechemsha chai. Lenzi mpya haina rangi. Inapitisha mwanga mwingi, hasa ule wa buluu ambao lenzi ya zamani, kwa unjano wake, ilikuwa inauzuia. Ndiyo maana wengi husema anga imekuwa buluu kupita kiasi, na shati jeupe linawaka. Tena jicho lina kidonda. Ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni kazi yake ni kujibana mwanga unapozidi. Ikiwa imevimba baada ya kuguswa, kila inapojibana inauma. Na dawa ya kupanua mboni, iliyotiwa ili daktari aone kwa ndani, inaweza kuwa bado haijaisha nguvu: mlango umeachwa wazi na jua linaingia litakavyo. Kama umewahi kutoka kwenye kibanda cha video saa saba mchana, unajua sekunde tano za hali hiyo. Kwa aliyepasuliwa si sekunde tano. Kwa wengi hupungua baada ya siku chache, kwa wengine huendelea kwa wiki kadhaa.

Tena hapa ni Juba. Tuko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Aprili jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mabati yanamulika, mchanga unamulika. Watu wa mashirika wafikirie kidogo na jambo hili: tukul ya udongo na nyasi, yenye mlango wa kuinama, ndani yake ni giza hata mchana. Ile ilikuwa miwani ya jua ya bibi zetu. Lakini chini ya turubai la plastiki hakuna giza mchana. Mwanga unaingia kupitia ukuta wenyewe na kupitia paa, na joto nalo haliruhusu mtu kujifunika shuka usoni. Mtu akiambiwa akapumzike ndani, hiyo ndani iko wapi?

Niliwahi kukalimani kwenye kambi ya macho, kutoka Kiarabu cha Juba kwenda Kiswahili kwa muuguzi, naye akigeuza Kiingereza kwa wageni. Ilikuwa asubuhi ya kufungua bandeji. Haboba mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi zetu hapa, alifunguliwa jicho mbele ya watu na mbele ya kamera. Akaangalia mikono yake. Akamwangalia mjukuu. Watu wakapiga vigelegele. Kamera ikapiga mwanga, mara moja, mara ya pili, naye akafunika uso kwa kiganja akasema: ahsanteni sana, lakini mwanga huu unaniumiza, mwambieni aache. Nikatafsiri kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Mgeni mwenye kamera akashusha mikono, akauliza: kwani hafurahi?

Hilo swali sijawahi kulimaliza. Yule mama alikuwa amefurahi, kila mtu alimwona. Alikuwa pia anaumia. Hakuna mtu mwenye akili anayeshangaa kwamba mwanamke aliyejifungua salama analia kwa maumivu huku anamtabasamia mtoto. Kwa nini basi kwa mkimbizi furaha na maumivu yawe mizani, kimoja kikipanda kingine kishuke?

Nadhani ni kwa sababu tumeifanya shukrani kuwa malipo. Mwenye hela akienda kliniki ya kulipia analipa, na akishalipa anaweza kulalamika mpaka jioni: matone yanawasha, kiti kigumu, daktari kachelewa. Hakuna atakayemwambia hana shukrani. Mtu wa kambini hana hela. Analipa kwa uso. Anatabasamu, anaimba, anapigwa picha, na risiti ni hiyo picha. Basi akikunja uso kwa ajili ya jua, ni kama ametoa noti ya bandia.

Waswahili wana msemo: tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Nimeusikia ukisemwa kwa kuwasifu watu wa misaada, na maana yake ni nzuri: usimfanye uliyemsaidia kuwa mdeni wako. Lakini angalia jinsi tunavyoutekeleza. Timu inakuja, inapasua siku tatu au nne, inafungua bandeji, inapokea vigelegele, inapanda ndege. Yaani shukrani imengojwa, tena imerekodiwa. Kilichobaki ni kuondoka, na maumivu ya mwanga yanaanza hapo. Msemo umegeuzwa kichwa chini. Mimi ningeupindua hivi kwa ajili ya macho: usingoje shukrani, lakini usiende zako bado.

Nisieleweke vibaya. Miaka ile ya uhuru, madaktari wa macho kutoka Utah, Marekani, walifika Duk Payuel huko Jonglei, kwenye zahanati aliyoianzisha John Dau, mmoja wa wale vijana waliotembea kwa miguu wakati wa vita na kukulia Kakuma. Ilitengenezwa filamu, na ndani yake wazee waliokuwa vipofu wanacheza ngoma. Furaha ile haikuigizwa. Aliyewahi kuona kipofu akimtambua mtoto wake kwa sura kwa mara ya kwanza haisahau. Ninachosema ni kwamba kamera, kwa kawaida yake, inaipenda saa ya kwanza. Siku ya tisa, mtu amekaa chini ya mwembe amejifunika kanga kichwani saa sita mchana, hakuna filamu hapo.

Mgiriki Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisimulia habari za watu waliofungwa minyororo pangoni tangu utotoni, wakitazama vivuli ukutani na kudhani ndiyo dunia. Mmoja anafunguliwa, anaburutwa kwa nguvu juu ya mwinuko mpaka kwenye jua. Wahubiri na walimu wanakipenda kisa hiki kwa sababu kinamalizika kwa mwanga. Mimi napenda katikati yake. Plato hakuficha kwamba mtu yule anaumwa na macho, anakasirika, na kwa muda haoni chochote, anaona hata kidogo kuliko alivyoona pangoni. Halafu anatoa utaratibu: kwanza atazame vivuli, kisha sura za vitu ndani ya maji, kisha vitu vyenyewe, kisha nyota na mwezi usiku, na jua liwe la mwisho. Mpe muuguzi yeyote mzoefu wa macho utaratibu huo, ataukubali: kivuli kwanza, jioni kabla ya mchana, kofia pana, miwani ya jua, usitoke adhuhuri. Plato anasema pia kwamba macho huchanganyikiwa kwa njia mbili, kwa kutoka gizani kwenda kwenye mwanga na kwa kutoka kwenye mwanga kwenda gizani, na mwenye busara asimcheke mtu anayepepesa macho kabla hajajua ametokea upande gani.

Kuna jambo moja Plato hakulisema, nami linanisumbua. Yule anayemburuta mfungwa ni nani? Hatajwi jina. Hatujui kama aliuliza kwanza. Hatujui kama alikaa naye pale juu macho yakizoea, au alimwacha mlangoni mwa pango akarudi kumburuta mwingine. Kwa mwanafalsafa huenda ni kitu kidogo. Kwa sisi tunaoishi kwa kuburutwa, kutoka kambi hadi kambi, kutoka orodha hadi orodha, hilo ndilo swali lenyewe.

Tukirudi kwenye jicho, kunyamaza kuna bei, na hapa naomba wenzangu wa kambini wasome taratibu. Maumivu ya mwanga ya kawaida huanza na kupungua, kila siku afadhali ya jana. Lakini kuna maumivu mengine. Mara chache, si wengi, vijidudu huingia ndani ya jicho lililopasuliwa, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Jicho linazidi kuwa jekundu, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, linaweza kutoa usaha au kope kuvimba, na uoni uliokuwa umerudi unafifia tena. Hiyo si ya kungoja kesho. Dawa hudungwa ndani ya jicho lenyewe, na mtu akichelewa anaweza kulipoteza kabisa. Tena kuna uvimbe wa ndani usio wa vijidudu, ambao unaweza kurudi mtu akiacha matone mapema kwa kuona amepona: mwanga uliokuwa umeacha kuuma unaanza kuuma upya. Huyo naye arudi kwa daktari. Aliye Juba mjini angalau anajua kuna kituo cha macho cha Buluk. Aliye mbali anategemea zahanati ya karibu na mtu wa kumsikiliza.

Sasa unganisha. Haboba amefundishwa kwamba kusema "naumia" ni utovu wa shukrani. Siku ya nne jicho linauma kuliko siku ya pili. Atasema? Hatasema. Tena ana sababu ya pili ya kunyamaza, nayo ni ya akili kabisa: amepasuliwa jicho moja tu. La pili linangoja timu ijayo. Anaogopa kwamba mwenye kelele hufutwa kwenye orodha. Labda hakuna anayemfuta, labda ni uvumi, lakini anayeishi kwa orodha hawezi kujaribu kuona kama ni uvumi. Basi analinda jicho lisilopasuliwa kwa kunyamazia lile lililopasuliwa. Nikifikiri hapo naona hii si adabu tena. Shukrani ya namna hii inaweza kumng'oa mtu jicho.

Nilisema kuna kipande cha kweli katika jibu la foleni, nisikiruke. Muuguzi aliyesimama tangu saa moja asubuhi, wagonjwa themanini wamempita, anasikia kila mmoja akisema linawasha, linauma, linatoa machozi, na hakuna aliyesema asante. Huyo naye ni binadamu. Malalamiko yanaweza kuwa mazoea. Sisi kambini tunajijua. Kuna mtu ataulalamikia hata mchele uliopikika vizuri. Mtu mwema akipigwa mateke kila siku anachoka, na akichoka wanaoumia ni wale wa nyuma kwenye foleni. Kwa hiyo asante ni deni, nakubali, na haigharimu kitu. Ila "mwanga unaniumiza" si teke. Ni taarifa. Ni kama kumwambia dereva kwamba tairi la nyuma lina sauti: hujamtukana, umemsaidia afike.

Ninaenda hatua moja zaidi, na hapa najua watu wa mashirika wengine hawatapenda. Kuna wakati malalamiko yana haki hata yakiwa lawama, na huo ni wakati ambapo mtu hakuambiwa. Kama jana yake mtu angekaa na wagonjwa dakika kumi, kwa lugha yao, akasema: mtaona, halafu mwanga utawasumbua, siku kadhaa hadi wiki kadhaa, ni kawaida, ukipungua vizuri, ukizidi mje haraka, basi kazi kubwa imekwisha. Mbona mara nyingine haisemwi? Nimeelezwa sababu: wakiambiwa habari za maumivu wataogopa na kukimbia, na watabaki vipofu. Yaani tunaficha kidogo kwa faida yao. Sikubali. Mwanamke aliyevuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni, akazika wawili njiani, hatakimbia wiki mbili za kukunja uso. Na kama yupo atakayekimbia, uamuzi ni wake, jicho ni lake. Ukimpa mtu macho kwa kumficha jambo, siku ya tatu mwanga ukimchoma anajua alifichwa, na matone utakayomwambia aendelee nayo mwezi mzima ataanza kuyatilia shaka. Majirani zake nao watasikia, na msimu ujao watabaki majumbani. Kile ulichokificha ili waje ndicho kitakachowazuia.

Pingamizi lililo gumu kweli ni la hesabu. Rafiki yangu anayefanya kazi ya afya aliniambia: kila siku ninayorudi kutazama macho niliyokwisha yafungua, kuna jicho jingine sijalifungua. Miwani hamsini ni hela, kofia ni hela, mtu wa kuwatembelea ni mshahara. Uniambie wewe, nani abaki kipofu ili haboba wako awe na kivuli? Sina jibu la kumnyamazisha. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kumpasua mtu bila miwani na kutompasua, nitasema apasuliwe, na yeye mwenyewe atasema hivyo. Lakini naona hesabu ile inahesabu macho yaliyofunguliwa tu, haihesabu macho yaliyobaki wazi. Jicho lililopotea siku ya sita kwa kukosa wa kuliangalia linaandikwa upande gani wa daftari? Tena si kila kitu kinachohitajika ni mtu wa kupanda ndege. Vijana wanaojua kuuliza maswali matatu, linauma zaidi ya jana? limekuwa jekundu zaidi? unaona chini ya jana?, tunao wengi, wamekaa bila kazi chini ya miti.

Na hapo lawama inarudi nyumbani kwetu. Timu ikiondoka, anayemwambia haboba "si umeshapona?" ni nani? Ni sisi. Siku ya pili anapewa ufagio, vumbi linapaa. Siku ya tatu amekaa mbele ya mafiga, moshi na mwali wa moto usoni, kwa sababu sasa anaona, kwa hiyo apike. Wakati ule wa upofu alivumiliwa. Sasa ameingizwa kwenye zamu bila kuulizwa. Ninawajua wanaume ambao wangebeba picha ya mama yao akifunguliwa bandeji mpaka Gudele kuionyesha watu, lakini hawawezi kumhamishia mkeka upande wa kivuli jua linapogeuka.

Kuna ubishi mdogo nilioukuta mtaani, bado unaendelea. Mzee mmoja amepasuliwa, anaona vizuri asubuhi na jioni, lakini mchana anamwita mjukuu amshike fimbo kama zamani, yeye anafumba macho na kofia ameishusha mpaka puani. Watoto wa jirani wanamcheka: kipofu wa saa sita! Mama wa yule mjukuu anataka mtoto arudi shule kutwa nzima, kwa sababu miaka mitatu alikuwa fimbo ya babu, na upasuaji ulikuwa wa kumfungua na yeye. Mzee anasema wiki mbili tu, hadi mwanga uzoee. Mama anasema hata wiki mbili ni masomo. Nimewasikiliza wote wawili. Juzi mtu mmoja wa pale akaleta mwavuli uliovunjika mbavu mbili, na sasa wanajaribu kuona kama mzee anaweza kufika msikitini peke yake.